Mtakatifu Yeronimo: Msomi Aliyerudi Kujifunza Alfabeti



Mpendwa msomaji, mojawapo ya maswali yanayowasumbua vijana wetu seminarini ni hili: nikipata nafasi ya kujifunza lugha moja zaidi, nichague ipi? Mmoja anataja Kiitaliano, maana anasikia kwamba wanaotumwa Roma kwa masomo ya juu hawawezi kuishi bila lugha hiyo. Mwingine anataja Kifaransa au Kijerumani, maana ameambiwa kuwa vitabu vingi vya taalimungu vimeandikwa huko. Wa tatu anasema Kiingereza chake bado kinachechemea, basi akinyooshe kwanza. Parokiani nako wazazi wana swali lilelile kuhusu watoto wao, na mara nyingi jibu linatafutwa kwa kuangalia ni lugha gani italeta ajira au safari.

Hayo si mawazo mabaya. Lakini historia ya Kanisa inatupa mtu mmoja aliyelijibu swali hili kwa namna iliyowashangaza hata rafiki zake, na jibu lake likageuza Biblia iliyosomwa katika Kanisa la Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Huyo ni Mtakatifu Yeronimo, padre na mwalimu wa Kanisa, tunayemkumbuka kila tarehe 30 Septemba.

Kijana wa Kilatini

Yeronimo alizaliwa yapata mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridoni, mpakani mwa majimbo ya Kirumi ya Dalmatia na Panonia. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye uwezo, nao walimpeleka Roma pamoja na rafiki yake Bonoso ili wasome. Huko alimpata mwalimu bora wa sarufi wa wakati ule, Donatus, ambaye kitabu chake cha sarufi kiliendelea kutumika katika shule za Ulaya kwa karne nyingi baadaye. Chini yake Yeronimo aliwasoma waandishi wakubwa wa Kilatini, hasa Cicero na Vergili, akawapenda kupita kiasi. Alianza kukusanya maktaba yake mwenyewe, vitabu vingine akivinakili kwa mkono wake, na maktaba hiyo alitembea nayo kila alikokwenda.

Siku za Dominika yeye na wenzake walikuwa wakishuka katika makaburi ya mashahidi yaliyochimbwa chini ya ardhi, humo gizani, kuwaheshimu waliokufa kwa ajili ya imani. Lakini maisha yake ya ujana hayakuwa safi, na mwenyewe hakuficha jambo hilo alipokuwa mzee. Alibatizwa akiwa mkubwa, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wakati huo.

Kutoka Roma alikwenda Trier, mji uliokuwa na makao ya kaisari, ambako vijana wasomi walifuata vyeo serikalini. Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Badala ya kutafuta cheo, alianza kunakili vitabu vya Mtakatifu Hilari na kutamani maisha ya kimonaki. Baada ya kukaa Akwileia pamoja na marafiki wenye nia hiyohiyo, akiwemo Rufino, alianza safari ya kwenda Mashariki, yapata mwaka 373.

Ndoto ya Antiokia

Safari hiyo ilimchosha sana. Alipofika Antiokia, mwenzake mmoja wa karibu alifariki kwa homa, na yeye mwenyewe aliugua wakati wa Kwaresima hata watu wakaanza kufikiria maziko yake. Katika ugonjwa huo aliota ndoto ambayo hakuisahau maishani. Alijiona amefikishwa mbele ya kiti cha hukumu. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kuwa ni Mkristo. Hakimu akamkatalia: akamwambia kwamba yeye ni mtu wa Cicero, si mtu wa Kristo, kwa maana moyo wake ulikuwa huko kilipo kipenzi chake. Kisha akachapwa viboko, naye akaahidi kutogusa tena vitabu vya kipagani.

Ukweli ni kwamba ahadi hiyo hakuitimiza kikamilifu. Hadi uzeeni maneno ya washairi wa Kirumi yaliendelea kuchomoza katika maandishi yake, na Rufino, walipokuja kugombana, alimsuta kwa jambo hilo. Lakini ndoto ile ilimfunulia tatizo lake. Alipofungua vitabu vya manabii katika tafsiri ya Kilatini ya wakati ule, lugha yao ilimchukiza kwa jinsi ilivyokuwa mbovu machoni pa mwanafunzi wa Donatus. Alikuwa mtu mwenye masikio mazuri mno kwa Kilatini, na masikio hayo yalimzuia asisikie Neno la Mungu.

Jangwani: lugha tatu mbele ya mtu mmoja

Alipopata nafuu alikwenda kuishi kama mkaapweke katika jangwa la Kalkis, mashariki ya Antiokia, akiwa na vitabu vyake. Hapo alikuwa na lugha tatu za kuchagua.

Ya kwanza ilikuwa Kisiria. Hiyo ndiyo iliyosemwa na watu wa pande zile na wamonaki wengi waliomzunguka, na yeye mwenyewe aliwaandikia rafiki zake kwamba huko mtu alikuwa na njia mbili tu, ajifunze lugha hiyo au anyamaze. Alijifunza kiasi. Ya pili ilikuwa Kigiriki, lugha ya wasomi wote wa Mashariki, lugha ya Agano Jipya na ya mitaguso. Hiyo aliishika vizuri Antiokia, akiwasikiliza wafafanuzi wa Maandiko. Mtu mwenye Kilatini na Kigiriki kwa wakati ule alikuwa na funguo za milango yote ya dola na ya Kanisa.

Ya tatu ilikuwa Kiebrania. Hii haikuwa na faida yoyote ya kidunia. Yerusalemu ilikuwa imebomolewa mwaka 70, na baada ya vita vya mwaka 135 Wayahudi walikatazwa kuingia humo. Kiebrania kilibaki lugha ya sinagogi na ya walimu wa Sheria. Kati ya Wakristo waliojishughulisha nacho, aliyejulikana zaidi alikuwa Origene, na yeye alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia moja kabla. Wakristo wengi waliona hakuna haja, kwa sababu walikuwa na tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iitwayo Septuaginta, au tafsiri ya Wazee Sabini, ambayo Mitume wenyewe waliitumia.

Yeronimo akachagua Kiebrania. Mwanzoni sababu yake haikuwa ya kitaaluma. Jangwani, mwili wake ukiwa umekonda kwa mfungo, mawazo yake yalikuwa bado yanarudi kwenye ngoma na wasichana wa Roma. Alifunga, alilia, alijipiga kifua, lakini fikra hazikutulia. Ndipo alipojiweka chini ya mmonaki mmoja aliyekuwa Myahudi kabla ya kubatizwa, akamwomba amfundishe. Alitaka kuipa akili yake kazi ngumu kiasi kwamba isipate nafasi ya kuzurura.

Na kazi ilikuwa ngumu kweli. Hakukuwa na kamusi wala kitabu cha sarufi ya Kiebrania. Maandishi yenyewe yalikuwa na konsonanti peke yake, hivyo bila mwalimu wa kukusomea kwa sauti hungejua neno linatamkwaje. Mtu aliyezoea ufasaha wa Cicero sasa alikuwa anarudia alfabeti kama mtoto, akihangaika na sauti za kooni ambazo hazikuwemo katika Kilatini wala Kigiriki. Alikata tamaa mara nyingi, akaacha, kisha akarudi tena kwa sababu ya hamu ya kujua. Waswahili tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeronimo aliinama. Uzeeni alikiri kwamba mbegu ile ilikuwa chungu, ila matunda aliyoyavuna yalikuwa matamu.

Roma: kazi inapata jina

Magomvi ya wamonaki kuhusu maneno ya kueleza fumbo la Utatu Mtakatifu yalimwondoa jangwani. Alipewa upadre Antiokia, akasikiliza mafundisho ya Mtakatifu Gregori wa Nazianzo huko Konstantinopoli, na mwaka 382 akarudi Roma. Papa Damaso alimfanya msaidizi wake, akamtwika kazi: kuzisahihisha Injili za Kilatini kwa kuzilinganisha na Kigiriki. Nakala za Kilatini zilikuwa zimetofautiana kiasi kwamba ilikuwa karibu kila nakala ina maneno yake. Yeronimo aliimaliza kazi ya Injili mwaka 384.

Papa pia alimpelekea maswali juu ya maneno magumu ya Agano la Kale. Siku moja, akiwa anataka kumjibu, alifika Myahudi mmoja akiwa amebeba magombo aliyoyaazima kwenye sinagogi kana kwamba anakwenda kuyasoma mwenyewe, akamhimiza ayatumie haraka. Yeronimo aliacha kila kitu, hata barua ya Papa, akaanza kunakili. Ndivyo alivyokuwa akipata vitabu.

Huko Roma pia alikuta kundi la wanawake wa koo za kifahari waliokuwa wakisali na kusoma Maandiko pamoja, kati yao Marsela, Paula, na mabinti wa Paula: Blesila na Eustokia. Hawakuridhika na majibu mepesi. Marsela alimwuliza maana ya maneno kama Aleluya na Amina yaliyoachwa katika Kiebrania, na Yeronimo ilimbidi ajiandae kabla ya kumjibu. Blesila, mjane kijana, alijifunza Kiebrania kwa kasi ya kushangaza. Lakini alifariki mapema, na watu wa Roma walimlaumu Yeronimo kwa kumtia katika mfungo mkali. Papa Damaso alipofariki mwezi Desemba 384, Yeronimo alibaki bila kinga. Ulimi wake mkali ulikuwa umewaudhi mapadre wengi, na wale waliokuwa wakimsifu walianza kumsingizia. Mwezi Agosti 385 alipanda merikebu, akaiacha Roma moja kwa moja.

Bethlehemu: mwalimu wa usiku

Paula na Eustokia walimfuata. Baada ya kuzuru Nchi Takatifu na Misri, mwaka 386 walifika Bethlehemu kukaa. Paula alitumia mali yake kujenga monasteri ya wanaume, nyumba za watawa wa kike, na makao ya kupokea mahujaji. Yeronimo alikuwa anakaribia miaka arobaini, tayari anajulikana kama msomi. Angeweza kutosheka na alichokijua.

Badala yake alitafuta mwalimu mwingine. Alimpata Myahudi aitwaye Baranina, akamlipa ujira mkubwa. Baranina alikuja usiku, maana aliwaogopa Wayahudi wenzake, naye Yeronimo alimfananisha na Nikodemo aliyemwendea Yesu gizani. Alipotaka kutafsiri kitabu cha Ayubu, kilicho kigumu kuliko vyote, alimkodi mwalimu mwingine kutoka Lida kwa fedha si haba. Alipofika kwenye sehemu za kitabu cha Danieli zilizoandikwa kwa Kiaramayo alikwama tena, akakaribia kuacha, hadi Myahudi mmoja akamtia moyo. Kwa kitabu cha Tobiti alimweka mtu aliyejua Kiaramayo na Kiebrania: yule alisoma na kueleza kwa Kiebrania, Yeronimo akatamka kwa Kilatini, na mwandishi akaandika.

Wakristo wenzake walimsema vibaya. Rufino alimdhihaki kwa kuligeuza jina la Baranina kuwa Baraba, kana kwamba Yeronimo amemchagua mnyang'anyi na kumwacha Kristo. Ni kweli pia, na tusifiche, kwamba Yeronimo mwenyewe aliandika maneno makali dhidi ya Wayahudi, watu walewale waliompa mkate wa elimu yake. Utakatifu haukumwondolea hasira zote, na deni lake kwa walimu wake ni kubwa kuliko shukrani aliyoionyesha.

Kwa nini aling'ang'ania? Sababu ya jangwani ilikuwa imekomaa. Aliposoma Injili ya Mathayo juu ya Familia Takatifu kurudi kutoka Misri, aliona kwamba mwinjili anamtaja mwana aliyeitwa kutoka Misri, akilichukua neno hilo kwa nabii Hosea. Lakini katika Septuaginta, Hosea anasema watoto, kwa wingi, na maana aliyoitaka Mathayo haionekani. Katika Kiebrania ni mwana mmoja, kama alivyoandika Mathayo. Kwa Yeronimo huo ulikuwa ushahidi kwamba mtu akitaka kuwaelewa waandishi wa Agano Jipya, lazima ashuke hadi kwenye chemchemi waliyochota wao.

Mfano mwingine ni nabii Yeremia, anapoonyeshwa tawi la mlozi na Bwana kumwambia kwamba Yeye yu macho kulitimiza neno lake. Msomaji wa Kigiriki anajiuliza mlozi na kukesha vinahusianaje. Katika Kiebrania maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa sauti, na mlozi ndio mti unaoamka mapema, ukichanua maua wakati miti mingine bado imelala. Yeronimo alilieleza jambo hilo kwa wasomaji wake wa Kilatini, ambao bila yeye wasingeliona.

Kuanzia yapata mwaka 390 hadi mwaka 405 hivi alitafsiri vitabu vya Agano la Kale kutoka Kiebrania kwenda Kilatini. Kazi hiyo, pamoja na Injili alizozisahihisha, ndiyo kiini cha Biblia iliyokuja kuitwa Vulgata.

Ghasia kwa ajili ya mmea

Si kila mtu alifurahi. Kutoka Afrika ya Kaskazini, Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia akimwomba abaki na tafsiri ya Sabini. Barua ya kwanza ilichelewa, nakala zake zikasomwa na watu huko Italia kabla ya kumfikia mwenyewe, na Yeronimo akaona kama kijana anamtafutia sifa mgongoni.

Katika barua nyingine Agostino alimsimulia tukio lililotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli nchini Libya. Askofu wa huko alisoma kanisani kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Yeronimo. Walipofika kwenye ule mmea uliomtia Yona kivuli, watu walisikia jina ambalo si lile walilolizoea tangu utoto. Zikazuka ghasia. Waliosoma Kigiriki walipaza sauti kuwa Biblia imepotoshwa, na askofu ikambidi arudi kwenye neno la zamani, asije akabaki bila waamini.

Yeronimo alijibu kwa ukali wake. Wazee walisoma mtango wa kibuyu, yeye aliandika mtambaa unaoota ukutani, na alikiri kwamba Kilatini hakikuwa na jina la mmea wenyewe. Wataalamu wengi leo wanadhani ulikuwa mbarika. Kwa hiyo hata yeye, kwa neno hilo, hakuwa amepatia sawasawa. Kuna neno lingine maarufu zaidi. Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa, na Yeronimo alitafsiri kwamba ulikuwa na pembe, maana neno la Kiebrania linafanana na lile la pembe. Ndiyo sababu Michelangelo, karne nyingi baadaye, alimchonga Musa akiwa na pembe kichwani, na sanamu hiyo iko Roma hadi leo.

Agostino naye alikuwa na hoja ya kichungaji isiyostahili kudharauliwa. Yeye alikuwa na waumini mbele yake kila Dominika, na aliona hatari ya kuwatikisa watu kwa neno moja. Yeronimo aliona hatari ya kuwaacha na neno lisilo sahihi. Wote wawili ni watakatifu, na mwishowe walipatana na kuheshimiana. Hata Kanisa lilichukua kwa wote: Vulgata ilipokubalika, Zaburi zilizoimbwa hazikuwa zile alizozitafsiri kutoka Kiebrania. Waamini walikuwa wamezizoea zile alizozisahihisha kwa kufuata Kigiriki, na hizo ndizo zilizobaki midomoni mwao.

Mwanafunzi aliyempita mwalimu

Hatuwezi kumtaja Yeronimo bila Paula. Mama huyu alijifunza Kiebrania akiwa mtu mzima, akaimba Zaburi kwa lugha hiyo bila lafudhi ya Kilatini. Yeronimo, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikubali kwamba katika hilo Paula alimshinda. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka jasho tangu ujana, na hata baada ya miaka mingi hakuthubutu kukiacha Kiebrania kwa muda, akihofia kwamba nacho kingemwacha.

Paula alifariki mwaka 404, akiwa ametoa mali yake yote hata kumwachia Eustokia madeni. Katika maziko yake Zaburi ziliimbwa kwa zamu kwa Kigiriki, Kilatini na Kisiria, maana waliokuja kumlilia walikuwa watu wa lugha hizo zote. Yeronimo kwa siku nyingi hakuweza kufanya kazi.

Mwaka 410 zilifika habari kwamba Roma imetekwa na kuporwa. Marsela alifariki muda mfupi baada ya mateso aliyoyapata. Wakimbizi walifika Bethlehemu, wengine waliokuwa matajiri jana sasa wakiomba chakula, na Yeronimo aliweka kalamu chini mara nyingi ili kuwapokea. Akiufafanua unabii wa Ezekieli, muda wake wa kuandika ulibaki usiku. Lakini macho yalikuwa yamechoka. Kwa mwanga wa taa hakuweza tena kusoma Kiebrania, na hata mchana herufi zile ndogo zilimshinda. Vitabu vya Kigiriki alisomewa na wamonaki wenzake. Mwaka 416 wahuni walizivamia monasteri na kuzichoma moto. Bado aliendelea. Alifariki Bethlehemu mwaka 420, tarehe 30 Septemba, akiwa hajamaliza ufafanuzi wake wa kitabu cha Yeremia, nabii wa lile tawi la mlozi.

Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ulitangaza Vulgata kuwa maandiko rasmi ya Kanisa la Kilatini. Leo tarehe ya kifo chake inaadhimishwa pia na wafasiri wa lugha duniani kote.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Yeronimo alianza na swali jingine kabla ya lile la lugha: ninataka kumsikia nani? Alipojua kwamba anataka kuwasikia manabii, lugha ilijichagua yenyewe. Frateri anayetaka kuwaelewa Mababa wa Kanisa atajua kwa nini anahitaji Kilatini na Kigiriki. Anayetumwa Roma atajua kwa nini Kiitaliano. Na anayejua kwamba atakuwa paroko mahali ambapo wazee wanaungama kwa lugha yao ya asili, Kiswahili kikiwa cha sokoni na shuleni tu, naye ana jibu lake. Lugha hiyo haina cheti, lakini bibi anayekaribia kufa atajua kama padre wake aliitafuta au hakuitafuta.

Pili, alikubali kuwa mdogo. Alikaa miguuni pa walimu ambao watu wa dini yake waliwadharau, akiwa tayari ana jina. Mara nyingi tunachagua lugha itakayotupandisha. Lugha inayotudai kushuka ndiyo inayotutisha.

Tatu, nia yake ilisafishwa njiani. Aliingia katika Kiebrania akikimbia vishawishi vyake, na Mungu akaitumia mbio hiyo kulipa Kanisa Biblia. Basi tusisubiri hadi nia zetu ziwe safi kabisa ndipo tuanze. Tuanze, tuombe, turudie pale tulipoacha. Yeye aliacha mara nyingi, na kila mara alirudi.

Mtakatifu Yeronimo, utuombee.